Ayurveda na Kuacha Pombe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanaouliza kuhusu Ayurveda na pombe ni wa aina mbili. Wapo wanaotaka kuacha lakini wanaogopa hospitali, na wapo mama, wake na dada wanaotafuta kitu cha kumpa mtu ambaye bado hajasema kuwa anataka kuacha. Majibu haya ni ya wote hao. Niseme msimamo wangu mapema: Ayurveda ina mengi ya kumfaa mtu aliyekwisha kutoka kwenye pombe na sasa anajifunza kuishi bila hiyo. Zile siku za mwanzo za kuacha si zake. Hizo ni za hospitali.

Ayurveda ni nini hasa?

Ni tiba ya jadi ya Bara Hindi. Vitabu vyake vikuu, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, viliandikwa kwa Kisanskriti na vina umri wa miaka karibu 2000. Inautazama mwili kwa nguvu tatu, yaani vata, pitta na kapha, na inaamini kwamba maradhi huanza pale nguvu hizo zinapopoteza uwiano, hasa kwa sababu ya chakula, usingizi na mwenendo wa mtu. Nchini India ni fani rasmi. Daktari wake husoma chuo kikuu kwa miaka mitano na nusu, mafunzo ya vitendo yakiwemo, na tangu 2014 kuna wizara nzima, Wizara ya Ayush, inayosimamia tiba hii pamoja na yoga na nyinginezo.

Kwa hiyo kila chupa yenye picha ya jani kwenye duka la dawa za Kihindi isichukuliwe kuwa ni Ayurveda, na kila anayeuza chupa hiyo asichukuliwe kuwa ni daktari wake.

Inaponya ulevi?

Hapana. Uraibu wa pombe ni ugonjwa unaogusa ubongo, na hakuna mmea wa Kiayurveda ambao umethibitishwa kumpunguzia mtu hamu ya pombe kama zilivyothibitishwa dawa za hospitali, mathalani naltrexone na acamprosate. Anayekuahidi kwamba mgonjwa wako atachukia pombe ndani ya siku saba anakuuzia maneno.

Inachoweza kusaidia ni yale mambo yanayomrudisha mtu baa baada ya mwezi mmoja au miwili: usingizi uliokata, tumbo lisilopokea chakula, wasiwasi wa jioni, na siku isiyo na mpangilio. Hayo si madogo. Wengi wanaorudi kunywa hawarudi kwa sababu wamesahau madhara ya pombe, wanarudi kwa sababu hawajalala usiku wa tatu mfululizo.

Mume wangu anakunywa kila siku. Naweza kumwachisha hapa nyumbani kwa mitishamba?

Tafadhali usijaribu. Katika ukurasa huu wote, jibu hili ndilo ninaloomba lisomwe mara mbili.

Mtu anayekunywa kwa wingi kila siku, iwe bia, gongo, chang'aa, waragi au konyagi, ubongo wake umezoea kutulizwa na pombe, nao umejipanga kwa kujichangamsha zaidi ili aweze kusimama na kufanya kazi. Ukimwondolea pombe kwa ghafla, kile kitulizo kinaondoka lakini uchangamfu unabaki. Ndani ya saa 6 hadi 24 ataanza kutetemeka mikono, kutoka jasho, kutapika, moyo kwenda mbio. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya siku mbili za kwanza, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kisha, kati ya siku ya pili na ya nne, wachache huingia kwenye hali mbaya kuliko zote: anaweweseka, hajui yuko wapi, anaona wadudu wakitembea ukutani, mwili unachemka. Hali hiyo isipotibiwa inaua.

Hospitali wana diazepam na dawa za jamii yake za kuutuliza ubongo hatua kwa hatua. Wanampa pia vitamini B1, mara nyingi kwa sindano, kwa sababu mlevi wa muda mrefu huwa ameishiwa nayo, na upungufu huo unaweza kumharibu ubongo asikumbuke tena hata alichokula asubuhi. Wanaojua kazi yao humpa B1 kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, maana sukari pekee inaweza kuzidisha tatizo. Mmea wa Kiayurveda wa ashwagandha haufanyi kazi hii. Wa brahmi haufanyi. Maji ya tangawizi hayafanyi.

Mpeleke mara moja, usiku au mchana, ukiona hata kimoja kati ya hivi: degedege, kuchanganyikiwa, kuona au kusikia visivyokuwepo, homa kali, kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho ya njano, au usingizi ambao huwezi kumwamsha. Kama amewahi kupata degedege alipoacha zamani, usingoje dalili yoyote, aanze kuacha akiwa mikononi mwa daktari.

Na kama leo hamuwezi kufika hospitali, msimfungie chumbani na kumnyima kabisa. Najua inauma kusikia hivi, hasa kwa mke aliyepigwa na kutukanwa kwa sababu ya chupa hiyohiyo. Lakini kwa mnywaji mkubwa, kuendelea kidogo mpaka afike kwa daktari ni salama kuliko kukata ghafla.

Lakini kila mwaka Ramadhani ikiingia anaacha mwenyewe.

Akiacha bila kutetemeka, basi huenda mwili wake haujafungwa na pombe kiasi hicho, na hilo ni jambo jema. Akiacha huku anatetemeka na kutoka jasho usiku, ana hatari ileile niliyoieleza, na huongezeka mwaka hadi mwaka, maana kila mara mtu anapoacha ghafla na kurudi, mara inayofuata huwa kali zaidi. Haya yanawahusu pia wanaoacha kwa Kwaresima. Nia ya ibada ni njema. Aende kwa daktari wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Vitabu vya kale vya Ayurveda viliujua ulevi?

Viliujua vizuri sana. Sura ya 24 katika sehemu ya matibabu ya Charaka Samhita inahusu madatyaya, yaani maradhi yatokanayo na pombe. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba sura hiyo inaanza kwa kuisifu pombe, kisha ndiyo inageuka kueleza inavyombomoa mtu. Inataja hatua tatu za kulewa, kutoka furaha ya mwanzo hadi kulala kama mfu. Inasema pia kwamba pombe ina sifa kumi zinazopingana moja kwa moja na sifa kumi za ojas, ile nguvu ya ndani inayombeba mtu mzima, na kwamba maziwa yana sifa kumi sawasawa na za ojas. Ndiyo maana mgonjwa akishatulia hupewa maziwa: yanamfaa aliyekaushwa na pombe, inasema, kama mvua inavyoufaa mti uliounguzwa na kiangazi.

Kuna mambo mawili mengine ambayo mimi huyarudia kila ninapozungumza na familia. La kwanza ni padamshika krama, kanuni ya kuacha zoea baya robo kwa robo na kujenga jema kwa mwendo huohuo. Waganga wa vitabu hivyo waliona kwamba mwili uliozoea kitu haukatizwi kwa siku moja. La pili ni kwamba walitaja maradhi mawili, dhvamsaka na vikshaya, yanayompata mtu aliyekuwa ameacha kisha akarudi kunywa kwa ghafla na kwa wingi, wakasema ni magumu kutibu. Kurudi kunywa kulikuwa ndani ya tiba tangu wakati huo. Waganga hao hawakuorodhesha jambo hilo kama dhambi.

Nimesikia waganga hao waliwatibu walevi kwa pombe. Ni kweli?

Ni kweli. Kitabu kinasema wazi kwamba pombe iliyotumiwa kwa kipimo na pamoja na vyakula fulani hutibu maradhi yaliyoletwa na pombe. Mnywaji yeyote wa Kariakoo au wa Kawangware anaielewa hoja hiyo: ndiyo kuzimua, ndiyo kutoa lock. Bia ya asubuhi huondoa mtetemeko kwa sababu mtetemeko wenyewe ni kilio cha mwili kutaka pombe.

Zamani hapakuwa na diazepam. Leo ipo, na inafanya kazi hiyo bila kumrudisha mtu kwenye chupa. Mganga wa leo akikuambia mgonjwa aendelee na pombe ya kipimo chini ya uangalizi wake nyumbani, mshukuru na uondoke.

Ametoka hospitali, ametulia. Ayurveda inaanzia wapi?

Inaanzia kwenye saa, kabla ya dawa yoyote. Dinacharya, mpangilio wa siku, ndiyo sehemu ya Ayurveda ninayoiamini kuliko zote kwa mtu anayepona ulevi, na haigharimu kitu.

Pombe huivunja siku ya mtu. Anaamka saa nne, hali mpaka jioni, anaishi usiku. Dinacharya inaijenga upya. Aamke alfajiri, vitabu vinasema kama saa moja na nusu kabla ya jua kuchomoza, na kwa Mwislamu au kwa mama wa nyumbani hilo si geni. Akwangue ulimi, maana wiki za kwanza huwa umevaa utando mzito na chakula hakina ladha. Anywe maji ya uvuguvugu. Ajipake mafuta ya ufuta mwili mzima, kuanzia kichwani hadi nyayo, kwa mikono yake mwenyewe na bila haraka, kisha aoge. Watu hudharau hapa, nami huwaambia: mtu huyu ameuchukia mwili wake kwa miaka, na dakika kumi za kuupaka mafuta kila asubuhi ni mwanzo wa kuuheshimu.

Afanye mazoezi hadi nusu ya nguvu zake, ndivyo vitabu vinavyoelekeza, yaani aache jasho linapotoka kwenye paji la uso na kwapani, asijichoshe. Mlo mkubwa uwe wa mchana. Wa usiku uwe mwepesi na wa mapema.

Halafu jioni. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku ndiyo saa alizokuwa akinywa, na miguu yake inaijua njia. Saa hizo zisiachwe wazi. Awe na kazi ya mikono, awe msikitini au kwenye kwaya, awe kwenye mkutano wa wanaopona, awe anapika. Kabla ya kulala, nyayo zisuguliwe kwa mafuta ya ufuta au samli vuguvugu kwa dakika tano kila mguu. Mke akikubali kufanya hivyo, vizuri. Asipokubali, ana sababu zake, na asilazimishwe. Mgonjwa ana mikono.

Ale nini?

Chakula chepesi, cha moto, kwa saa zilezile. Chakula ambacho Ayurveda humpa kila aliyedhoofika tumbo ni khichdi, na watu wa pwani hatuna haja ya kuitafuta mbali kwa sababu ni mseto wetu. Kikombe cha mchele, nusu kikombe cha choroko zilizoparazwa, kipande cha tangawizi, manjano kidogo, bizari nyembamba iliyokaangwa kwenye kijiko cha samli, chumvi. Maji yawe mengi, upikwe mpaka ulainike kabisa. Kwa wiki mbili za kwanza unaweza kuwa ndio chakula chake cha jioni.

Kipo pia kinywaji cha tende, kharjuradi mantha, ambacho vitabu hivyo vya kale vinakitaja kwa ajili ya maradhi ya pombe. Kina tende, zabibu, ukwaju, komamanga, na matunda mengine ya kwao kama amla. Cha nyumbani kinatosha hivi: tende sita zilizotolewa kokwa, kiganja cha zabibu kavu, ukwaju wa ukubwa wa kidole gumba, nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Loweka saa tatu au nne, ponda kwa mkono, chuja, kamulia komamanga kama lipo. Kinakata kiu ya kitu kitamu-kichachu, ambayo wengi wanaoacha pombe huipata. Kinywewe siku ileile. Kikilala, kitachacha, na utakuwa umempikia mgonjwa wako pombe. Mwenye kisukari asikinywe.

Kama ini lilishaharibika na tumbo au miguu imejaa maji, kiasi cha chumvi, maji na protini aulizwe daktari. Usifuate mapishi ya mtandaoni, hata haya yangu.

Mimea gani hutumika, na ina uzito gani?

Ashwagandha hutumika kwa wasiwasi na usingizi, na kuna majaribio kadhaa yanayoonyesha inasaidia kwa kiasi. Brahmi hutumika kwa kumbukumbu. Majaribio yake mengi ni ya wiki 12 hivi, kwa hiyo asitarajie matokeo ya kesho. Jatamansi na shankhapushpi hutajwa sana kwa utulivu wa akili, lakini ushahidi kwa binadamu ni mdogo. Triphala, unga wa matunda matatu, husaidia choo.

Sasa upande wa pili. Ashwagandha imeripotiwa kuumiza ini kwa baadhi ya watu, huzidisha usingizi ikichanganywa na diazepam, inaweza kugusa tezi ya shingo, na haifai kwa mjamzito. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Guduchi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la giloy, ilitumiwa sana India wakati wa korona, na madaktari wa Mumbai wakaripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kuitumia. Manjano ya mchuzini hayana shida, ila vidonge vyenye manjano yaliyokolezwa vilihusishwa na homa ya ini kule Italia mwaka 2019. Yashtimadhu, ule mzizi mtamu, hupandisha presha na kushusha potasiamu ukitumiwa kwa siku nyingi.

Mtu mwenye ini zima anaweza kuvumilia makosa madogo. Anayetoka kwenye pombe mara nyingi hana ini zima. Kwa hiyo kanuni yangu ni kipimo cha ini kwanza, mmea baadaye, na mmoja kwa wakati, ili ukileta madhara ujulikane.

Vipi dawa za kusafisha ini?

Ndizo zinazouzwa kuliko zote, na ndizo ninazozipendekeza kwa uchache kuliko zote. Vidonge vya Liv.52 vimekuwa sokoni tangu 1955 na vinajulikana mpaka vijijini. Jaribio lililofanyika Sri Lanka na kuchapishwa 2003, kwa wagonjwa wa ini lililoharibiwa na pombe, halikuona tofauti ya maana kati ya waliovimeza na waliopewa vidonge visivyo na dawa kwa miezi sita.

Hatari kubwa hata haimo kwenye kidonge. Nimeona wanaume wanaokunywa usiku na kumeza dawa ya ini asubuhi, wakiamini wamelipa deni. Ini husafishika kwa kuacha kunywa. Lililojaa mafuta kwa ajili ya pombe linaweza kuanza kupungukiwa na mafuta hayo ndani ya wiki chache tu za kuacha, bila chupa wala kidonge. Lililokwisha kusinyaa na kujaa makovu halirudi kama zamani, lakini kuacha kunamwongezea mtu miaka.

Zipo dawa za Kiayurveda za maji. Ni salama kwa aliyeacha?

Hapa soma jina kwenye chupa kwa makini. Dawa zinazoishia na asava au arishta, kama drakshasava na ashwagandharishta, hutengenezwa kwa kuchachusha, na zina pombe iliyojitengeneza ndani yake, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 12. Kwa kiwango hicho cha juu, bia nyingi hazifiki huko. Drakshasava ni zabibu zilizochachushwa.

Muuzaji atasema ni vijiko viwili tu. Aliyeacha pombe hahitaji kijiko hata kimoja, na anayetumia disulfiram, dawa ya hospitali inayomfanya mtu augue akinywa pombe, anaweza kuwashwa uso, kutapika na moyo kumwenda mbio kwa kijiko hicho. Aombe mmea huohuo kwa umbo la unga au kidonge. Na kidonge nacho kiulizwe: baadhi ya dawa za jadi za India huwa na bangi au afyuni kwa mujibu wa mapishi yake ya asili. Zile ziitwazo Kamini zina afyuni, na wako watu walioanza nazo kama dawa ya nguvu wakaishia kuwa waraibu wa kitu kingine.

Panchakarma itamtoa sumu ya pombe?

Pombe yenyewe hutoka mwilini ndani ya siku moja au mbili. Kinachobaki ni madhara yake, na hayo hayatapikwi wala hayaharishwi. Panchakarma, usafishaji wa mwili wa Kiayurveda, ina kutapishwa, kuharishwa, enema (dawa ya maji ya njia ya haja kubwa), dawa ya puani na kutolewa damu. Kwa mtu aliyepungukiwa maji na madini, mwenye mishipa iliyovimba kooni kwa ajili ya ini bovu, kumtapisha kunaweza kumpasua mshipa na kumuua. Kwa miezi ya mwanzo, kataa.

Shirodhara ni kitu kingine: mafuta vuguvugu yanamiminwa taratibu kwenye paji la uso kwa nusu saa hivi. Inatuliza, na sioni ubaya kwa aliyekwisha kutulia. Isipopatikana, mgonjwa hajakosa tiba.

Yoga na mazoezi ya pumzi je? Na dini yetu?

Hapa pana ushahidi wa kutia moyo. Katika taasisi ya afya ya akili ya NIMHANS, Bengaluru, India, utafiti uliochapishwa 2006 uliwachukua watu 60 waliokuwa wamemaliza wiki ya kuondolewa pombe hospitalini. Nusu yao walifundishwa mazoezi ya pumzi ya Sudarshan Kriya kwa wiki mbili, na sonona yao ilipungua kuliko ya wenzao, pamoja na homoni za msongo kwenye damu. Wiki mbili ni muda mfupi na utafiti hauonyeshi kwamba hawakurudi kunywa. Lakini angalia mpangilio: hospitali kwanza, pumzi baadaye.

Nyumbani aanze na pumzi rahisi: avute kwa pua akihesabu nne, atoe akihesabu sita, dakika tano, kila kiu ya pombe inapopanda. Kiu hiyo hupanda na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Pumzi za kasi na za nguvu aziache kama ana presha au kifafa.

Kuhusu dini, pumzi haina mungu. Wanaoona uzito kutamka mantra, maneno ya kurudiwarudiwa ya Kihindi, wanyamaze tu, au walete dhikri, rozari au zaburi yao.

Kuna unga wa kumwekea kwenye chai bila yeye kujua. Nijaribu?

Mama yangu, dada yangu, usijaribu. Najua umefika hapo kwa kuchoka. Hujui ndani ya unga huo mna nini. Kama umechanganywa na disulfiram, mumeo akinywa pombe juu yake anaweza kuanguka presha, na mwenye moyo mbovu anaweza kufa, na daktari hatajua anatibu nini kwa sababu hakuna aliyemwambia. Hata akinusurika, siku atakapojua hatakula tena chakula cha mkono wako. Kupona ulevi kunahitaji mtu mmoja ndani ya nyumba anayeaminika. Usiipoteze nafasi hiyo.

Ninunue wapi nisidanganywe?

Anza kwa kujua tatizo. Watafiti wa Marekani mwaka 2004 walipima dawa 70 za Kiayurveda zilizouzwa madukani katika eneo la Boston, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa kwa mtandao, na karibu moja kati ya tano ilikuwa nazo. Nyingine huwekwa kwa makusudi, kwa sababu tawi la rasa shastra hutumia metali kama dawa. Jina lenye neno rasa au bhasma lirudishe kwenye rafu.

Nunua mmea mmoja ulioandikwa wazi, wenye jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Tanzania, uliza kama umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala; Kenya, iulizwe Bodi ya Famasia na Sumu. Unga wa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi, achana nao hata kama aliyeutumia ni shemeji yako.

Anaweza kuchanganya na dawa za hospitali?

Tu baada ya daktari kuambiwa, na aambiwe kila kitu. Watu huficha mitishamba kwa kuogopa kugombezwa. Wanaotumia ARV, dawa za kifua kikuu, za kifafa, za kisukari, za presha au za kuyeyusha damu wawe waangalifu zaidi. Dawa za kifua kikuu peke yake zinalielemea ini, na huo si wakati wa kuongeza giloy.

Nimpeleke India?

Jimbo la Kerala ndilo linalosifika, na Arya Vaidya Sala ya Kottakkal imekuwepo tangu 1902. Tangu 2023 kuna hata viza ya Ayush kwa wanaokwenda kutibiwa. Lakini asiende akiwa bado anakunywa, maana safari ya ndege na siku za kwanza bila pombe zitakutana. Na kabla ya kulipa, uliza: kuna daktari wa magonjwa ya akili? Degedege likija usiku, nani atakuwepo? Akirudi nyumbani, nani atamfuatilia? Swali la tatu ndilo linalowakwamisha wengi. Wiki tatu nzuri za Kerala hazimsaidii mtu akirudishwa kwenye jioni zilezile za Mbezi au Kisauni.

Amerudi kunywa baada ya miezi minne. Tumepoteza kila kitu?

Hapana. Ila kuna hatari ya haraka: mwili wake umeshapoteza ule uvumilivu, na kiasi alichokuwa akikimudu zamani sasa kinaweza kumzima. Usimwache alale chali peke yake. Mlaze ubavu.

Asubuhi yake msimhutubie. Muulizeni nini kilitangulia: usingizi? ugomvi? mshahara? msiba? Kama amekunywa siku moja mbili tu, arudie ratiba yake jioni hiyohiyo. Kama amekunywa wiki nzima, ni hospitali tena, kwa sababu zilezile za mwanzo.

Msaada uko wapi?

Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni ya bure, na Hospitali ya Mathari iko Nairobi. Tanzania, anzia idara ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Mirembe, Dodoma, na Muhimbili wana uzoefu mkubwa. Zanzibar kuna Kidongo Chekundu, na soba hausi, nyumba za kuishi wanaopona, zinazoendeshwa na watu waliopona. Uganda kuna Butabika. Mikutano ya Alcoholics Anonymous, kundi la walevi wanaosaidiana kuacha, inapatikana katika miji mikubwa, na ni bure.

Siku ya kwanza kwa daktari nibebe nini?

Dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti, chupa na mifuko yenyewe, hata ule unga ulioununua kwa siri. Andika kwenye karatasi: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, tangu lini, amewahi kupata degedege au kuweweseka alipoacha, na saa kamili ya kinywaji chake cha mwisho. Hiyo saa ndiyo nesi atakayoiuliza kwanza.